HR kaniwekea karatasi mbili mezani. Fao la kukosa ajira NSSF linadaiwaje? (Arusha)

#1 ChaliiWaSakina
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Nimekuwa mtunza stoo kwenye hoteli moja hapa Arusha kwa miaka minne na miezi mitatu. Jumatatu tumeitwa watu tisa kwa HR, mmoja mmoja, kama tunaenda kuungama. Nimeingia nikakuta karatasi mbili mezani. Ya kwanza ina nembo na muhuri, inasema ajira yangu inasitishwa kwa sababu wanapunguza wafanyakazi, biashara imeshuka. Ya pili haina nembo wala muhuri. Jina langu limeshachapwa, tarehe imeachwa wazi, na pale pa kusaini pamewekwa X ya penseli. Inasema naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kutokana na sababu za kifamilia.

Akaniambia nichague. Nikisaini ya pili napewa mshahara wa miezi miwili mkononi na barua nzuri ya kutafutia kazi kwingine. Nikichukua ya kwanza nitalipwa "kwa mujibu wa sheria", na alivyoyatamka hayo maneno nikajua ni kidogo. Nina mpaka Ijumaa.

Mshahara wangu ni 450,000. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nakatwa kila mwezi. Nasikia kuna hela mtu analipwa akipoteza ajira. Nikisaini ya miezi miwili, hiyo ya NSSF naipata bado? Na inadaiwaje? Shemeji yangu anasema nikae miezi sita halafu nikachukue zote kwa mkupuo. Nawasilisha.

#2 NgojaWaje
Nimekaa siti ya mbele.

#3 MamaNjiro
Pole mwanangu. Usisaini chochote chenye X ya penseli. Hayo mengine watakuja kukueleza.

#4 MangiWaKiboriloni
Mnamtisha bure kijana. Mimi niliacha kazi mwenyewe Moshi mwaka 2016, sikufukuzwa na mtu. Nikapeleka barua, nikajaza fomu, nikalipwa michango yangu yote. Ndiyo iliyofungua duka langu. Saini chukua miezi miwili yako, kisha nenda NSSF kachukue zako. Tatizo liko wapi?

#5 HR_Mstaafu
Tatizo liko kwenye mwaka wako, Mangi. 2016 kulikuwa na fao la kujitoa, yaani ukiacha kazi unachukua michango yako yote. Sheria ya 2018 ikaliondoa, ile ile iliyounganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi. Mahali pake pakaja fao la kukosa ajira, na masharti yake ni mengine kabisa.

ChaliiWaSakina, soma taratibu:
Uwe umechangia miezi isiyopungua 18. Wewe una zaidi ya 50, umepita.
Uwe chini ya miaka 55.
Uwe hujapata ajira nyingine.
Na ajira yako iwe imekoma kwa sababu nyingine isiyo ya kuacha mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo linaloviziwa na ile X. Ukitimiza yote, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi, kwa muda usiozidi miezi sita.

#6 MangiWaKiboriloni
Aisee. Kwa hiyo hela yangu mwenyewe siku hizi naipangiwa?

#7 Ngarenaro_Finest
Hiyo 33 si ndiyo kikokotoo walichokuwa wanagombania bungeni? Chalii hata kustaafu bado anapigwa kikokotoo? Nchi ngumu hii.

#8 HR_Mstaafu
Ngarenaro_Finest hapana, usichanganye. Kikokotoo ni cha pensheni ya uzeeni: ni sehemu gani ya pensheni unalipwa kwa mkupuo siku unapostaafu. Julai 2022 kiliwekwa 33 kwa wote. Sisi wa NSSF na wale wa PPF tulipanda kutoka 25. Waliolia ni wale wa mifuko ya serikali waliokuwa na 50. Bajeti ya 2024 wakarudishiwa mpaka 40, sisi tukaongezwa hadi 35.

Hii ya kijana ni 33.3 ya MSHAHARA, kila mwezi, miezi sita, basi. Namba zinafanana sura tu, kama mapacha wa baba tofauti.

#9 Ngarenaro_Finest
Mapacha wa baba tofauti 😂😂 mzee umetisha. Nimeelewa.

#10 MwalimuWaHesabu_Moshi
Wakuu, kuna kitu hamjakiona. 33.3% ni theluthi. Theluthi mara miezi sita ni mishahara miwili.

450,000 × 33.3% = 149,850
149,850 × 6 = 899,100

HR anampa miezi miwili: 900,000. Tofauti ni shilingi mia tisa. Maana yake anamnunua kijana kwa kiasi kile kile ambacho tayari ni haki yake kwingine, na yeye anaondoka na vingine vyote.

#11 MamaNjiro
Yesu wangu. Mia tisa! Hata chapati mbili na maharage haitoshi.

#12 ChaliiWaSakina
Mwalimu hapo umenipiga. Nilikuwa nimeanza kuipangia ile laki tisa. Hivyo "vingine vyote" ni vipi?

#13 WakiliMtarajiwa
Naingia hapo. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ukipunguzwa kazini unastahili:
notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, au ulipwe badala yake;
kiinua mgongo, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi;
likizo ambazo hukwenda;
cheti cha utumishi;
na kama walikutoa mbali kukuajiri, usafiri wa kukurudisha kwenu.

Una miaka minne iliyotimia, kwa hiyo siku 28. Chukua 450,000 gawanya kwa 30 upate mshahara wa siku, zidisha kwa 28, ni 420,000.

#14 HR_Mstaafu
Gawanya kwa 26, mdogo wangu, siyo 30. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha ugawanye kwa siku anazofanya kazi kwa wiki. Kwa mtu wa siku sita inaangukia 26. Wengi wanapunjwa hapo kimyakimya, hasira zao zote zipo kwenye maneno ya barua.

#15 WakiliMtarajiwa
Nimesahihishwa, asante. Basi ni 17,308 kwa siku, mara 28, kama 484,600.

#16 MwalimuWaHesabu_Moshi
Jumlisheni basi. Notisi 450,000, kiinua mgongo 484,600, NSSF 899,100. Ni 1,833,700 na likizo bado hatujaigusa. Upande wa pili, 900,000 na barua nzuri. Barua yenyewe inauzwa laki tisa na thelathini na tatu.

#17 FundiUngaLimited
Mwalimu unahesabu vizuri lakini hujawahi kukosa kodi. Laki tisa anaiweka mfukoni Ijumaa. Hizo nyingine ni fomu, foleni, njoo Jumanne. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi ningesaini.

#18 DadaWaTengeru
FundiUngaLimited, mimi nilisaini. Shamba la maua moja huku, mwaka juzi. Nilikuwa na mtoto mchanga, wakaniambia hivyo hivyo, sababu za kifamilia. Nikaona ni kweli nina familia, ni uongo gani hapo? Nimekwenda kudai, wakafungua barua yangu, yule dada akaisoma, akanisukumia tena mezani taratibu. Akasema dada, hapa umeandika umeacha kazi. Hakuwa na ubaya, alisoma tu kilichoandikwa. Hela ya shamba iliisha kabla mtoto hajaota meno.

#19 FundiUngaLimited
Pole dada. Sina la kuongeza hapo.

#20 ElimuHainaMwisho
Mimi swali langu kwa HR_Mstaafu: kwa nini mtu asirudishiwe yake? Mshahara 450,000, asilimia 20 inaenda NSSF, kumi yake na kumi ya mwajiri. Ni 90,000 kwa mwezi. Kwa miezi 51 ni zaidi ya milioni nne na nusu. Halafu unamwambia ale 149,850 kwa miezi sita?

#21 HR_Mstaafu
Kwa sababu ile siyo kibubu, ni hifadhi ya jamii. Mtu akijitoa kila anapobadilisha kazi, anafika miaka 60 hana kitu. Pensheni inataka miezi 180 ya kuchangia. Wengi wa fao la kujitoa walikuwa wanaanza sifuri kila baada ya miaka mitatu.

#22 MamaNjiro
Lakini baba, hata VICOBA yetu hapa mwisho wa mwaka tunavunja sanduku, tunagawana, tunaanza upya. Hakuna anayeniambia nisubiri miaka 60. Na huyo mwenye miaka 60 nani kamhakikishia atafika?

#23 BabuWaMarangu
Wanangu, sisi tulianza na NPF. Ulikuwa mfuko wa akiba hasa, tangu 1964. Unaweka, siku ikifika unapewa chako, mambo yanaisha. NSSF ikaja 1997 na habari za pensheni. Ndugu zangu waliochukua mkupuo wakanunua Peugeot ya kubebea abiria, leo lile gari limeota magugu nyuma ya nyumba. Mimi niliyebaki napata kidogo kila mwezi, nakunywa mbege yangu bila kumwomba mtoto. Semeni mnavyotaka.

#24 MangiWaKiboriloni
Meku, shikamoo. Lakini mimi sikununua Peugeot, nilifungua duka na lipo. Kila mtu na kichwa chake. Kumbukeni 2012 walipojaribu kufuta kujitoa, wachimbaji wa migodini walivyowaka, ikabidi warudishe. 2018 ikapita tumelala.

#25 BabuWaMarangu
Marahaba. Duka la 2016 bado changa, tuongee likifika 2040.

#26 NgojaWaje
😂😂😂 Babu kamaliza.

#27 MgumuWaMachame
Wakuu sisi tunaobeba mizigo mlimani tunahusikaje? Mimi nina miaka 11 napanda. Kila safari ni kampuni nyingine, nalipwa getini nikishuka, sijawahi kuona makato. Msimu wa mvua nakaa nyumbani Aprili na Mei. Hiyo siyo kukosa ajira?

#28 HR_Mstaafu
Ni kukosa ajira kwa macho ya kila mtu, mdogo wangu, lakini fao linafuata michango. Bila michango hakuna pa kuanzia. NSSF wana mpango wa waliojiajiri, unachangia mwenyewe, ila usiutegemee kukulipa kila mvua zikianza.

#29 MgumuWaMachame
Nilijua. Haya, asante.

#30 Dereva_wa_Serengeti
Nitoe kisa cha 2020. Aprili ndege zilisimamishwa, watalii wakaisha kama maji kwenye gunia. Kampuni niliyokuwepo ilitoa barua za kusitisha ajira mapema. Wenzetu wa kampuni nyingine waliambiwa likizo bila malipo, "tukae tukisubiri hali itulie". Sisi tulilia, wao wakashukuru. Miezi miwili baadaye sisi tunalipwa theluthi yetu, wao hawana mshahara, hawana fao, kwa sababu kwenye makaratasi bado ni waajiriwa. Kuna jamaa alikwenda kumbembeleza bosi wake amfukuze.

#31 Ngarenaro_Finest
Kumbembeleza bosi akufukuze. Hii nchi ina vituko kuliko sinema.

#32 BintiNjoro
Jamani na mkataba ukiisha? Mimi nipo Moshi, mkataba wa miaka miwili, unaisha Desemba, washasema hawaongezi. Sijaacha mwenyewe, sijafukuzwa. Nipo upande gani?

#33 WakiliMtarajiwa
Unalipwa. Sharti ni usiwe umejiuzulu, na wewe hujajiuzulu. Mkataba umekuacha.

#34 Pasua_Original
Hapana. Rafiki yangu aliambiwa kuisha kwa mkataba ni makubaliano ya pande mbili tangu siku ya kwanza, alijua utaisha. Hakupoteza kitu.

#35 DadaWaTengeru
Mimi nina shoga yangu wa mkataba wa msimu, alilipwa, ila ilikuwa mkupuo wa nusu ya michango yake, siyo theluthi ya kila mwezi.

#36 HR_Mstaafu
Huyo wa nusu huenda hakufikisha miezi 18. Ambaye hajafikisha analipwa asilimia 50 ya michango yake mwenyewe. Tuseme ni huyu kijana angekuwa na miezi 14: makato yake 45,000 mara 14 ni 630,000, anapata 315,000. BintiNjoro, wewe omba barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba mkataba umeisha na HAWATAUHUISHA. Hilo neno la pili liwepo.

#37 Pasua_Original
Bado nashikilia langu.

#38 BintiNjoro
Sasa nimfuate nani? Mmoja ndiyo, mmoja hapana, mmoja nusu 😩

#39 KakaWaOhio
Salamu kutoka Ohio, kwetu ni Old Moshi. Huku mambo ni kama hayo na siyo kama hayo. Ukipoteza kazi unadai kwenye jimbo lako, kwenye majimbo mengi mwisho ni wiki 26. Mfanyakazi kwa kawaida hakatwi, kodi yake analipa mwajiri. Ila kila wiki unajaza kwamba bado huna kazi, uko tayari kufanya kazi, na unaitafuta. Siku nilipoachishwa ghala moja nilijaza hiyo fomu mpaka nikawa naiota. Na huku nako ukiacha mwenyewe bila sababu ya msingi, imekula kwako. X ya penseli ipo kila mahali, tofauti ni kwamba huku inakuja kwa barua pepe.

#40 MamaNjiro
Kaka wa Ohio usisahau kutuma hela ya mchango wa harusi ya dada yako, kikao Jumapili.

#41 KakaWaOhio
Mama umenijuaje 😳

#42 ChaliiWaSakina
Wakuu nimesoma yote. Maswali mawili. Moja: nikipata fao huku naendesha bodaboda ya mjomba jioni, nimevunja sharti? Mbili: mwenye uhitaji wa sabufa, nauza. Spika mbili, rimoti ipo, nipo Sakina. 150,000 mazungumzo yapo. Kodi inaisha tarehe moja.

#43 MangiWaKiboriloni
Sabufa 80 nakuja kesho.

#44 ChaliiWaSakina
Mangi 80 unanunua redio ya kuamkia, siyo hii.

#45 Dereva_wa_Serengeti
Kuhusu bodaboda, ajira ni pale mwajiri anapokuchangia. Bodaboda ya mjomba ni kibarua cha kuishi. Mimi 2020 nilikuwa nauza parachichi pale soko la Kilombero na nililipwa.

#46 ElimuHainaMwisho
Dereva usimdanganye. Unaandika kwamba huna ajira wala kipato, kisha unaonekana na tela la parachichi. Uliponea tu.

#47 Dereva_wa_Serengeti
Parachichi lenyewe lilikuwa linaoza. Kipato gani hicho.

#48 WakiliMtarajiwa
Rudini kwenye kesho. Chalii, kesho ni Ijumaa. Hizo karatasi una picha yake? Hasa ile ya X?

#49 ChaliiWaSakina
Sina. Simu tunaacha getini.

#50 WakiliMtarajiwa
Basi chukua karatasi ya kwanza, omba nakala yenye tarehe na muhuri. Ya pili iache mezani, usiichane, usigombane. Wakikataa kukupa ya kwanza bila ya pili, una siku 30 tangu kusitishwa ajira kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukipita hapo inabidi ujaze fomu ya kuomba kuongezewa muda na ueleze kila siku iliyochelewa ulikuwa wapi. Mjomba wangu alifika siku ya 41, akasema alikuwa msibani. Akaulizwa msiba wa siku 41?

Na tujue kwa nini wanataka ile ya pili. Kupunguza watu kuna taratibu zake: wawape taarifa mapema, waseme sababu, wajadiliane nanyi nani anaondoka na kwa vigezo gani. Mkisaini kwamba mmeacha wenyewe wote tisa, hakuna aliyepunguzwa, taratibu zimekufa. Watu tisa wenye sababu za kifamilia siku moja!

#51 Ngarenaro_Finest
Labda ni ndugu wa ukoo mmoja.

#52 FundiUngaLimited
Na aliyekwisha saini? Maana kati ya hao tisa lazima wapo.

#53 WakiliMtarajiwa
Sheria inatambua kulazimishwa kujiuzulu, mwajiri akifanya mazingira yasivumilike. Lakini mzigo wa kuonyesha unakuwa kwako, na hela yao ulishapokea. Ngumu, siyo kwamba haiwezekani.

#54 HR_Mstaafu
Niseme na la upande wangu, maana nimekaa kwenye kile kiti miaka 22. Siyo kila HR mwenye karatasi mbili ni mwizi. Kuna wakati mmiliki anakupa siku tatu na bajeti, anakwambia watoke. Niliwahi kuandaa karatasi kama hizo. X sikuweka, lakini kalamu nilikuwa naielekeza. Kijana, chukua yenye muhuri.

#55 MamaNjiro
Umesema ukweli, baba.

#56 ChaliiWaSakina
Mrejesho wa Ijumaa. Nilichukua yenye muhuri. HR hakugomba, alifunika kalamu yake tu akaiweka mfukoni. Wenzangu wanne walishasaini ile nyingine, watatu wamechukua kama mimi, mmoja hapokei simu. Mnachosema kuhusu 26 nilimwonyesha kwenye simu nje ya geti, akasema ataangalia.

#57 Pasua_Original
Safi chalii. Sasa kabla ya kwenda kudai, omba stetimenti ya michango uone mwajiri aliwasilisha. Mimi nilikatwa miaka mitatu kamili, kwenye slipu ya mshahara makato yapo, kwenye stetimenti kuna shimo la miezi saba. Bila slipu ningekuwa mwongo. Hata zile zilizolowa mchuzi usitupe.

#58 ChaliiWaSakina
Slipu zangu ziko kwenye kiboksi cha viatu. Ngoja nihesabu.

#59 ShemejiMkubwa
Na ile hoja ya kukaa miezi sita halafu unachukua zote kwa mkupuo, mbona hamuigusi? Mimi ndiye shemeji mwenyewe.

#60 NgojaWaje
Shemeji kaja mwenyewe 😂 karibu jukwaani.

#61 HR_Mstaafu
Shemeji, miezi sita ni muda wa kulipwa ile theluthi. Unachokisikia wewe ni miezi 18: mtu akikaa muda huo wote bila ajira, anaruhusiwa kuhamishia michango yake kwenye mpango wa hiari.

#62 ShemejiMkubwa
Na kwenye huo wa hiari unatoa zote?

#63 ElimuHainaMwisho
Ndiyo, hiari ni hiari.

#64 Pasua_Original
Hapana, kuna kiwango. Hiari ya kuingia, siyo ya kutoka.

#65 MangiWaKiboriloni
Binamu yangu wa Himo alitoa zote.

#66 Pasua_Original
Binamu wa Himo mwaka gani?

#67 MangiWaKiboriloni
…2017.

#68 HR_Mstaafu
Mangi!

#69 ChaliiWaSakina
Mrejesho wa pili, wiki tatu baadaye. Hoteli imelipa notisi na likizo. Kiinua mgongo wamegawanya kwa 30, nimewaandikia barua, sisi wanne pamoja, siku ya 30 ya Tume naihesabu kwenye kalenda ya ukutani. NSSF nimepeleka barua ya kuachishwa, kitambulisho cha NIDA, namba ya akaunti na picha. Kumbe jina langu la kati kwa NIDA lina "y" na kwenye fomu za hoteli niliandikiwa "i", miaka minne yote hiyo. Kwa hiyo kwanza nirekebishe herufi. Miezi ya stetimenti ipo 49, slipu ninazo 51. Hizo mbili nimezipeleka nakala.

#70 DadaWaTengeru
Angalau barua yako inasema ukweli. Mimi herufi zangu zilikuwa sawa zote.

#71 BintiNjoro
Na mimi wa mkataba kuisha jamani, Desemba inakuja…

#72 WakiliMtarajiwa
Unalipwa.

#73 Pasua_Original
Halipwi.

#74 MangiWaKiboriloni
Chalii, sabufa bado ipo?

#75 ChaliiWaSakina
Ipo. 120.

#76 MangiWaKiboriloni
90 na nauli ya kutoka Moshi juu yangu.

#77 ChaliiWaSakina
Njoo Jumamosi. Rimoti haina betri.